Jibu kwa Sauti Yako Mwenyewe

Hotuba ya mwanakwaya mstaafu kwa wanakwaya na washirika, katika kesha la kuamkia sherehe ya jubilii ya miaka 50 ya kwaya yetu

 

  

Mwenyekiti wa kwaya aliponijia nyumbani na barua, nilidhani nitaombwa kusimulia historia. Nikaanza kujipanga kueleza tulivyokuwa tukisafiri kwenda kuimba Mombasa kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, tukisubiri feri pale mtoni hadi jua linazama, na jinsi abiria wengine walivyokuwa wakituomba tuimbe ili foleni isiwachoshe. Lakini mwenyekiti akaniambia, "Mzee, historia imeshaandikwa kwenye kitabu cha ratiba. Wewe tuambie neno la kutufaa rohoni." Basi historia nimeiacha. Nitawaambia jambo moja tu, nalo nimelijua kwa kuchelewa. Sipendi ninyi mchelewe kama mimi.

Jambo lenyewe ni hili: mtu anaweza kumtumikia Mungu nyumbani mwake miaka mingi, akaimba, akafunga mkanda wa sare, akalia hata machozi wimbo unapopanda, na huku yeye mwenyewe na Mungu hawajuani.

Msinikasirikie. Sikulitoa kichwani mwangu. Limo katika kitabu cha Samweli wa Kwanza, sura ya tatu. Mnaijua habari ya yule mtoto. Mama yake, Hana, alimwomba Mungu mtoto, akampata, akampeleka hekaluni Shilo akiwa mdogo. Samweli akakua pale. Alivaa naivera ya kitani, ile ndiyo sare yake. Alifungua milango ya nyumba ya Bwana asubuhi. Alilala humo humo, karibu na sanduku la agano. Kama kuna mtu angeweza kusema, "Mimi ni wa kanisani," ni Samweli. Lakini someni mstari wa saba. Maandiko yanatuambia wazi kwamba wakati huo Samweli alikuwa hajamjua Bwana bado.

Mimi nimeisoma sura hiyo tangu utotoni, na mstari huo nilikuwa nikiuruka. Nilikuwa na haraka ya kufika pale mtoto anapoitwa. Sasa nauona ndio mlango wa habari yote. Kulala karibu na sanduku si sawa na kumjua Mwenye sanduku.

Wanakwaya, nanyi mniruhusu niseme kwa lugha yetu. Katika kwaya mtu anaweza kujificha. Mwalimu wetu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa anaijua sana tabia hiyo. Alitufundisha kwa solfa ubaoni, sauti moja moja, kisha akatuunganisha zote nne. Wimbo ukishakolea, alikuwa akishuka kutoka mbele, anapita kati ya mistari, anainamisha sikio karibu na kinywa cha kila mmoja. Aliyekuwa akifungua mdomo bila kutoa sauti alijulikana hapo. Aliyekuwa akimfuata jirani yake nusu pigo nyuma, alijulikana. Mwalimu hakumfokea. Alikuwa akinyoosha mkono, wote tunanyamaza, halafu anasema, "Wewe, imba peke yako."

Ndugu zangu, maneno hayo yalikuwa yanatutia jasho! Jitu zima linatetemeka. Lakini ndiyo njia pekee ya kujua kama wimbo uko ndani ya mtu au uko kwa jirani yake.

Mimi niliingia kwaya nikiwa na miaka kumi na sita, nikawekwa besi, na katika besi nimezeekea. Mwalimu hakuwahi kunikuta na kosa la noti. Siku yangu ya kuambiwa imba peke yako ilikuja mwaka 2020, nikiwa na miaka sitini na mmoja, na haikutoka kwa mwalimu.

Mnakumbuka wote. Mwezi wa tatu ibada za pamoja zilisimamishwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa nne, tarehe 8, kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa, pamoja na Mombasa na Kwale, hakuna kuingia wala kutoka. Mwezi wa saba makanisa yalipofunguliwa, iliamriwa watu wasizidi mia moja, ibada isizidi saa moja, na watoto chini ya miaka 13 na wazee waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Kwa hiyo hata mlango ulipofunguliwa, mimi haukunifungukia. Nilikuwa mzee wa kubaki nyumbani.

Jumapili ya kwanza nilijiambia, hakuna neno, nitaimba mwenyewe. Nikatoa kiti chini ya mwembe, nikaanza wimbo ambao tumeuimba kwa miaka zaidi ya arobaini. Mara nikagundua kwamba ninachokijua ni besi tu. Nikisikia soprano wanaongoza, mimi najua mahali pa kuingia. Wakinyamaza soprano, mimi sina wimbo. Beti ya pili, ambayo besi tunaivumisha tu bila maneno, sikuijua inasema nini. Miaka arobaini! Nikacheka peke yangu pale chini ya mwembe. Lakini kicheko hicho hakikufika mbali, kwa sababu nilipoacha kuimba nikajaribu kuomba, nikakuta na maombi yangu ni hivyo hivyo. Nilikuwa na vipande. Nilijua pa kuitikia. Nilijua "utusikie" na nilijua "amina". Lakini kumwambia Mungu neno langu mimi, tangu mwanzo hadi mwisho, sikuwa nalo.

Mke wangu hakuwahi kuimba kwaya, na sauti ya kuimba Mungu hakumjalia, yeye mwenyewe anasema hivyo. Lakini usiku, kupitia ukuta, nilikuwa nikimsikia anaomba kwa Kigiriama. Anamwita Mulungu kama mtu anayemwita mwenyeji wa nyumba aliyemzoea. Anamtajia watoto mmoja mmoja kwa majina. Anamtajia deni la duka. Anamlalamikia. Wakati mwingine ananyamaza kitambo, kama anayesikiliza. Nilikuwa nimelala na mwanamke huyu nyumba moja miaka yote, nikimwona kama mshirika wa kawaida, na mimi ndiye mtu wa kanisa. Usiku huo nilimwonea wivu.

Kisha likaja lile lililonivunja kabisa. Kijana wetu alikuwa akifanya kazi hotelini. Mnajua pwani yetu ilivyokuwa: wageni wamekoma, hoteli zimefungwa, vijana wamerudishwa nyumbani. Alirudi na mkoba mmoja. Mwezi wa kwanza alivumilia. Mwezi wa pili akaanza mnazi, na maneno makali, na usiku kucha halali. Usiku mmoja akaja sebuleni, akakaa chini, macho mekundu. Akaniambia, "Baba, niombee. Naona akili inaniacha."

Mwanangu ananiomba maji, nami nimekaa kisimani miaka arobaini na mitano.

Nikasimama, nikamwekea mkono kichwani, nikafungua kinywa. Kilichotoka ni maombi ya kufungia mazoezi ya kwaya. Neno kwa neno. Nikaomba Mungu atusindikize majumbani mwetu, na huku tuko nyumbani! Kijana alisubiri nimalize. Hakunicheka. Akasema polepole, "Baba, hiyo ni ya kanisani." Akaenda kulala.

Washirika, nimeimba mbele ya maaskofu. Nimeimba kwenye mazishi ambayo watu hawakuweza kusimama kwa huzuni. Lakini sijawahi kuona aibu kama ya usiku ule. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimevaa imani ya kuazima. Nyingine niliazima kwa marehemu mama yangu, nyingine kwa mke wangu, na iliyobaki niliazima kwa kwaya.

Sasa turudi kwa Samweli. Aliitwa jina lake usiku, na mara zote tatu akakimbilia kwa Eli, maana sauti aliyoizoea ni ya mzee wake. Hebu mtazameni Eli. Eli alikuwa na makosa yake, wanawe walimshinda, Biblia haifichi. Lakini usiku ule alifanya jambo moja kubwa. Alipotambua kwamba ni Bwana anayemwita mtoto, hakumwambia, "Kaa hapa, mimi nitakusikilizia kisha nikwambie alichosema." Alimrudisha mtoto kitandani kwake. Akamwambia, akiitwa tena, ajibu mwenyewe kwamba mtumishi anasikiliza.

Huyo ndiye kiongozi wa kiroho anayefaa: anayekurudisha mahali pako ukajibu kwa sauti yako.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya tunakoishi. Mwezi wa nne mwaka 2023, dunia nzima ilisikia jina la Shakahola. Msitu ule uko hapa hapa kwetu, si nchi ya mbali. Miili zaidi ya mia nne ilifukuliwa kutoka ardhini, wakiwemo watoto wadogo, watu kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Walikwenda msituni wakiamini kwamba kwa kufunga hadi kufa watamlaki Yesu. Mambo ya mahakama ni ya mahakama, nami si hakimu. Wala nisithubutu kuwasema vibaya marehemu, maana wengi wao walimtafuta Mungu kwa bidii kuliko mimi. Lakini huzuni yangu ni hii: bidii ilikuwepo, kujitoa kulikuwepo, nyimbo naamini zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu kuachwa arudi kitandani kwake, na Biblia yake, amsikilize Mungu mwenyewe. Waumini wa Beroya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, walihubiriwa na Paulo, mtume mzima, na bado kila siku walikuwa wakichunguza Maandiko wajue kama mambo ndivyo yalivyo. Na Biblia inawasifu kwa hilo. Mhubiri anayeogopa waumini wa Beroya, mkimbieni.

Kwa hiyo msije mkadhani kumjua Mungu mtu binafsi ni anasa ya watu wenye muda. Hapa Kilifi tumeona ni jambo la uhai na mauti.

Labda kijana mmoja ananiuliza moyoni, "Mzee, hili la mtu binafsi si ni mambo mapya ya wahubiri wa mikutano?" La. Ni la zamani kuliko kwaya yote ya pwani hii. Nendeni Rabai. Krapf na Rebmann walikaa pale kuanzia mwaka 1846. Walihubiri, walisoma lugha, walizika wapendwa wao, na kwa miaka mingi walioamini walihesabika kwa vidole. Na wa kwanza kabisa alikuwa mtu mmoja aitwaye Mringe, mlemavu wa mwili, ambaye katika kijiji hakuna aliyemweka katika hesabu ya wakubwa. Mringe hakuwa na kwaya ya kumbeba. Hakuwa na jirani wa kumfuata nusu pigo nyuma. Aliposema "ndiyo" kwa Kristo, alisema peke yake. Ukristo wa upande wetu huu ulianza na sauti moja, na sauti yenyewe ya mtu dhaifu. Kwaya zilikuja baadaye.

Na kuna habari nyingine ya hapa Malindi ambayo huwa naikumbuka kila nikipita kwenye lile kanisa dogo la Wareno karibu na bahari, lenye paa la makuti. Mwaka 1542, Francis Xavier, padre aliyekuwa akisafiri kwenda India, alisimama Malindi siku chache. Aliandika baadaye barua, akasimulia kwamba mwenyeji mmoja wa mji, Mwislamu mwenye kuheshimiwa, alimwuliza swali. Alitaka kujua kama kwao Wakristo makanisa huhudhuriwa, na kama watu husali kwa moyo. Kwa maana, alisema, kwao wao ibada ilikuwa imepoa: katika misikiti kumi na saba ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa ikienda watu. Wakaingia katika mjadala wa dini, wakaachana kila mmoja na msimamo wake.

Mimi naona mzee yule wa Malindi aliuliza swali jema kuliko majibu yote. Hakuficha udhaifu wa nyumba yake. Alimwuliza mgeni kwa unyofu: Je, kwenu moto bado unawaka? Leo majirani zetu Waislamu wanaamshwa alfajiri na adhana, na wengi wanaamka. Mimi Mkristo nimelala, nikijisifu kwamba mimi niko huru. Huru kufanya nini? Kama mzee yule angeingia leo akatuuliza swali lile lile, tungemwonyesha nini? Tungemwonyesha sare mpya, kinanda kipya, vikombe vya mashindano. Naye angesema, "Nimeona. Lakini mkiwa wenyewe je, mnasali?"

Sasa nisiwaache na lawama tu. Niwaambie nilivyoanza, maana wako humu walio kama nilivyokuwa.

Baada ya usiku ule na kijana wangu, nilianza kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Nilikaa pale pale chini ya mwembe, kabla jogoo wa jirani hajanikumbusha Petro. Siku ya kwanza sikujua niseme nini. Nikasema ukweli. Nilimwambia Mungu, "Nimekuimbia muda mrefu, lakini sikujui vizuri. Naona aibu." Hayo tu. Yalikuwa maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba, na ndiyo ya kwanza kuwa yangu.

Nikajifunza, kwanza, kufunga mlango. Yesu anafundisha katika Mathayo sura ya sita kwamba anayeomba aingie chumbani mwake, afunge mlango, aombe kwa Baba aliye sirini. Wengi wetu nyumba zetu hazina chumba cha mtu peke yake, watoto wamejaa hadi jikoni. Basi mlango wako ni saa. Mvuvi wa Mayungu, mlango wake ni pale baharini anaposubiri wavu. Mama wa sokoni, ni ile njia ya kwenda kuchota maji au kupanga mboga kabla wateja hawajafika. Kijana wa bodaboda, ni dakika kumi kabla ya kuwasha pikipiki, na simu imezimwa. Yesu mwenyewe, Luka anatuambia, alikuwa akijitenga mahali pasipo watu akaomba. Kama Mwana wa Mungu alihitaji kujitenga, sisi ni nani?

Pili, nikajifunza kuomba kwa lugha yangu na kwa ukweli wangu. Mungu anajua Kiswahili cha kitabu cha ibada, nacho ni kizuri, wala sikidharau hata kidogo. Lakini anajua pia Kigiriama, Kichonyi, Kikauma na Kidigo. Mwambie kama ulivyo. Kama una hasira naye, Zaburi zimejaa watu waliomlalamikia Mungu, wala hakuwafukuza. Anachokichukia, kwa kinywa cha Isaya sura ya 29, ni midomo kuwa karibu naye na moyo kuwa mbali.

Tatu, na hili ni letu hasa wanakwaya: chukua maneno ya wimbo nyumbani. Tumezoea kubeba noti. Wiki nzima mtu anavumisha sauti yake, na maneno hayajamgusa. Kabla hujasimama Jumapili kuuambia ulimwengu kwamba umemtwika Yesu mizigo yako, kaa na maneno hayo alhamisi usiku, ujiulize, "Mzigo gani? Nimeutua lini?" Kama hujautua, utue. Kisha uimbe. Mtanielewa nikisema kwamba sasa naijua ile beti ya pili. Niliomba nakala ya kitabu cha soprano, nikaisoma yote, na ilinitoa machozi. Kumbe ndiyo niliyoihitaji miaka yote.

Nne, anza na aliyekukosana naye. Sisi kwaya tuna dhambi zetu, tusijifiche. Tumenuniana kwa ajili ya nani aongoze wimbo. Tumegawanyika kwa hesabu za pesa za sare. Wapo walioacha kwaya miaka ya nyuma kwa neno moja lililosemwa kwenye basi tukirudi kutoka mashindanoni, na hadi leo hatujawaendea. Yesu amesema sadaka iachwe madhabahuni kwanza, mtu aende akapatane na ndugu yake. Wimbo ni sadaka. Nabii Amosi katika sura ya tano alifikisha neno kali, kwamba Mungu alizikataa nyimbo za watu wake na vinanda vyao kwa sababu haki haikuwepo kati yao. Mimi kwa upande wangu kulikuwa na mzee mmoja wa teno ambaye hatukusalimiana miaka sita. Mwaka ule wa korona nilimpigia simu. Tulinyamaza wote wawili kwanza. Halafu akasema, "Mzee mwenzangu, nilikuwa nakungoja." Ameketi pale nyuma usiku huu, na tutaimba pamoja kesho.

Tano, usibaki peke yako. Hapa nataka mnisikie vizuri, isije ikawa kesho kijana anamwambia mama yake, "Mzee amesema niombe nyumbani, kanisani siendi." Samweli alijibu peke yake, lakini asubuhi alifungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida, na akamweleza Eli yote bila kuficha. Aliyekutana na Mungu kweli haogopi kuulizwa na ndugu zake. Anayejitenga moja kwa moja anaweza kupotea sawa na yule anayefuata kundi akiwa amefumba macho. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, na wafungwa wengine wakawa wanasikiliza. Wimbo ule ulikuwa ndani yao kabla ya kufungwa minyororo, na walikuwa wawili. Vyote viwili twavihitaji: chumba na kusanyiko. Sauti nne zinapendeza pale kila moja inapojua njia yake.

Mtaniuliza kuhusu kijana wangu. Sitawapamba hadithi. Alirudi kazini hoteli zilipofunguliwa. Kanisani haji kila Jumapili, na mnazi hajauacha wote. Lakini jioni nyingi hunipigia simu, na kabla ya kukata huniuliza, "Baba, umeniombea leo?" Na sasa naweza kumjibu, kwa jina lake, na kwa jambo lake la siku hiyo. Kuna usiku mmoja aliniambia, "Leo acha, niombe mimi. Wewe sikiliza." Akaomba maneno machache sana. Sijasikia wimbo mzuri kama huo.

Nimalize. Neno lenyewe jubilii limetoka Walawi sura ya 25. Mwaka wa hamsini baragumu inapigwa nchi nzima, na kila mtu anarudi katika milki yake na kwa jamaa yake. Angalieni, ni kila mtu. Aliyeuza shamba kwa shida anarudishiwa. Sisi watu wa pwani twalielewa neno hili hadi mifupani. Tunajua uchungu wa kukaa juu ya ardhi ambayo babu yako alipanda minazi, mikorosho na miembe, na bado unaitwa skwota kwa sababu huna hati mkononi. Unalima, unavuna, lakini huna uhakika wa kesho.

Wapendwa, wengi wetu tumekaa katika nyumba ya Mungu kama maskwota. Tunalima humo, tunavuna humo, tunaimba humo, lakini tunakaa kwa jina la mtu mwingine: mama alikuwa mcha Mungu, mke wangu anaomba, kasisi yupo, kwaya yangu ni nzuri. Na Kristo amekwisha lipa. Hati iko tayari, na imeandikwa jina lako, si jina la kwaya. Kinachobaki ni wewe kwenda kuichukua.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Turudi.

Baada ya kuketi kwangu, kasisi ametukubalia jambo moja. Taa zitapunguzwa, na kwa robo saa hakuna atakayeimba, hakuna atakayeongoza maombi, hata kinanda kitanyamaza. Wanakwaya, msiketi kwa sauti zenu usiku huu. Besi asikae na besi, wala soprano na soprano. Kila mmoja atafute mahali pake, ndani au nje chini ya miti. Ukisikia jina lako, usikimbilie kwa mwingine. Jibu mwenyewe.

Kisha tutasimama, na tutaimba wimbo wetu wa kwanza wa miaka hamsini iliyopita. Nami nitaimba beti zote.